Chicha Tunawapa Kuku

Likizo iliyopita nilivuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni nimekumbatia kilo moja ya unga wa lozi kama mtu aliyebeba mayai. Niliununua supamaketi Dar es Salaam kwa pesa niliyoitenga ya kuchapisha madodoso ya utafiti wangu. Bibi yangu wa Ndagoni ana kisukari, na mtandaoni kila anayefundisha keki ya matunda isiyo na wanga mwingi anaanza na lozi. Baada ya lozi inakuja erithritoli, kisha stroberi, kisha ovena yenye kioo.

Nilipofika uani, Bibi alikuwa ameshuka kwenye mbuzi, nazi imekwisha kukunwa. Akakamua tui la kwanza, la pili, kisha akakung'uta kifumbu chini. Kuku wakaja mbio. Nikabaki nimesimama na mfuko wangu. Ule unga wa nazi niliouona rafu moja na lozi, wenye bei ya kukufanya urudishe mkono, ni chicha hiyohiyo iliyokaushwa na kusagwa. Kuku wa Ndagoni wanakula keto tangu sijazaliwa.

Nasema hivi kwa hasira, na hasira yangu ina sababu. Kliniki anakohudhuria Bibi walimpa karatasi iliyoandikwa aache vitamu vyote. Basi. Hakuna aliyemwambia ale nini badala yake. Kwenye maulidi wenzake wakila, yeye anawekewa sahani ya matango. "Mimi naumwa sukari, mke mwenzangu," aliniambia, "sijafungwa jela." Mwaka juzi alipata kidonda kidogo kidoleni mguuni kikachukua miezi mitatu kufunga, na miezi hiyohiyo mama alikuta visheti vimefungwa kwenye pembe ya kanga chini ya mto wake. Marufuku ile haikumwondolea utamu. Ilimfundisha kuula usiku, peke yake, bila kipimo.

Upande wa pili wako walimu wetu wa afya wa mtandaoni, wanaozungumza Kiswahili fasaha na kupika kwa vitu vya nchi nyingine. Neno keto lenyewe lilitoka hospitalini: mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo huo kwa wagonjwa wa kifafa. Leo limekuwa jina la rafu. Anayeshindwa kununua vya kwenye rafu anaambiwa hajaamua kupona. Mtu huyo anaishi kisiwa ambacho nazi imekilisha tangu enzi za mashamba ya karne ya 19, yaliyolimwa na watumwa, halafu anahubiriwa lozi!

Na msinipigie makofi mapema, nyinyi wa "vya asili havidhuru". Mkate wa mchele ni mchele na sukari. Tende ni tamu ya heshima, lakini katika gramu 100 zake zaidi ya gramu 70 ni wanga, na karibu wote ni sukari. Asali haijui kwamba imetoka porini. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Donald McLarty na wenzake vijijini Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata mmoja kati ya watu wazima mia. Wazee wale hawakulindwa na neno "asili". Walilima kwa jembe, walitembea, na sukari haikuwa ya kumimina kikombeni vijiko vinne.

Kwa hiyo tuhesabu. Gramu 100 za ndizi mbivu zina wanga kama gramu 23, embe 15, papai 11. Unga wa ngano unapita 70. Chicha ina wanga pia, ila sehemu kubwa ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari mwilini. Papai na chicha, basi. Vyote viko uani.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilisaga papai bichi-bivu nikachanganya na mayai na tui zito, nikapalia makaa juu na chini kama mkate wa kumimina, nikapata uji. Bibi alicheka hadi akashika kiuno. "Papai si ndilo tunalolainishia nyama ya pweza? Sasa mayai yako yatashikaje?" Kimeng'enya cha papai kinavunja protini. Nasoma shahada ya uzamili, na somo hilo nilifundishwa na mtu aliyeishia darasa la nne.

Mara ya pili nilikatakata papai, nikalichemsha sawasawa na ndimu, iliki na mdalasini hadi maji yakakauka. Chicha nilikuwa nimeianika kwenye ungo tangu jana yake, nikaitwanga, nikaichekecha. Nikaichanganya na mayai manne, maana chicha inakunywa maji kama mchanga wa pwani, na tui, na chumvi kidogo. Papai chini, chicha juu, karanga zilizopondwa kwa juu kabisa. Sufuria kwenye jiko la mkaa wa kufifia, makaa mengi zaidi kwenye kifuniko. Sukari sikuweka hata chembe. Ua mzima ulinuka iliki.

Haikuwa keki ya harusi. Ilikuwa nzito, laini chini, juu inavunjika. Bibi alikula kipande kimoja mchana kweupe, mkekani, na jirani zake wawili, na wote walikula kitu kimoja. Hilo ndilo nililolitaka zaidi ya nambari ya mashine. Nambari nayo tuliipima baada ya saa mbili, na siiandiki hapa, maana bibi mmoja si utafiti na papai bado ni tunda lenye sukari. Aliomba kipande cha pili nikamnyima, tukanuniana hadi magharibi.

Kuna jambo moja kliniki ilipaswa kulisema: anayemeza dawa za kushusha sukari akipunguza wanga ghafla, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, kwa hiyo azungumze na daktari kwanza. Sentensi moja tu. Ingetosha mstari mmoja kwenye ile karatasi, pale chini palipobaki peupe.

Unga wa lozi uko kabatini, sisimizi wameshaujua. Asubuhi Bibi aliamka kabla yangu, akakuna nazi mbili, akaanika chicha kwenye ungo juu ya paa la banda. Yeye akakaa kibarazani na fimbo ya kufukuzia kuku.