Mwalimu wa sanaa apitie kwanza karakana
Mwanachuo anayesomea ualimu wa sanaa za ufundi asihitimu kabla hajapitia karakana ya fundi. Mazoezi ya kufundisha humzoesha darasa, lakini hayamfundishi kufanya kazi pasipo vifaa vya dukani, na shule nyingi atakazopangiwa hazina hata brashi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta ya kawaida juu ya vipande vya hadibodi, na mtindo wake ukaenea kwa vijana kukaa kando ya mchoraji na kutazama mkono unavyokwenda. Mchongaji wa Kimakonde naye hujifunza kuusoma mpingo kabla ya kuushushia tezo.

Watasema fundi hana cheti wala hajui malezi ya darasani. Ni kweli, ndiyo maana hatumwombi amwondoe mkufunzi: mmoja afundishe mbinu za kufundishia, mwingine kazi yenyewe. Wengine watataja gharama. Ujira wa fundi ni wa muhula mmoja. Mwalimu asiyejua kuchanganya rangi wala kufinyanga udongo atawagharimu wanafunzi mpaka astaafu. Vyuo viingie mikataba na mafundi, na kazi ya karakana ihesabiwe kwenye alama za mwisho.