Flashi ya bei nafuu inatosha, pesa ziende kwenye betri

Kijana anayeanza kazi ya kupiga picha Makere, kwenye barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, hana haja ya flashi yenye jina la kampuni iliyotengeneza kamera yake. Haja yake kubwa ni betri. Wengi hufanya kinyume: hujinyima kwa miezi ili wanunue flashi ya gharama, halafu huingia harusini na betri zilizonunuliwa dukani njiani, zilezile za saa ya ukutani.

Tofauti ya bei ni kubwa mno kupuuzwa. Canon walipoitoa Speedlite 600EX-RT mwaka 2012, iliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 600. Godox TT600, kutoka Shenzhen nchini China, inauzwa hukohuko chini ya dola 100, na Yongnuo YN560 haiko mbali na hapo. Kilichopunguzwa si mwanga. Kilichoondolewa ni uwezo wa flashi kupima mwanga kupitia lenzi na kujipangia nguvu yenyewe. Kwa TT600 mpiga picha huweka nguvu kwa mkono, kuanzia nguvu kamili hadi sehemu moja ya 128.

Kwenye harusi jambo hilo ni faida. Bwana harusi amevaa suti nyeusi, bibi harusi amejaza fremu kwa gauni jeupe na shela. Flashi inayojipangia huona weupe mwingi ikapunguza mwanga, na nyuso za maharusi zikatoka na giza. Wakipita wajomba wenye makoti meusi, inazidisha. Iliyowekwa kwa mkono haibabaiki. Keki haisogei, meza kuu haihami, na mpiga picha akishapima umbali wake mara moja anaendelea na kazi hadi nyimbo za kutoa zawadi.

Mazingira ya Makere nayo yana lake. Nyumba nyingi na hata baadhi ya makanisa hayana silingibodi, ni bati na mbao tupu, na sherehe nyingi hufanyika chini ya turubai. Ule ushauri wa vitabuni wa kuelekeza flashi juu ili mwanga urudi ukiwa laini hapa haufanyi kazi vizuri: bati humeza mwanga kwenye mapengo ya kenchi, na turubai la bluu huwarudishia wageni rangi ya bluu usoni. Kwa hiyo flashi hupigwa kwa nguvu kubwa zaidi, na anayebeba mzigo huo ni betri.

Betri ndiyo huamua mwako wa pili utakuja lini, na tatizo hilo la kusubiri ni la zamani katika nchi hii. Wakati wa utawala wa Wajerumani, C. G. Schillings alipiga picha za wanyama usiku kaskazini mwa Tanzania ya leo, simba wakiwemo, kwa kuwasha unga wa magnesiamu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905. Unga ukishawaka umekwisha, na picha inayofuata inasubiri unga mwingine. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, ndiye aliyefungua njia ya flashi za umeme miaka ya 1930: kapasita hujazwa umeme, hutoa mwako, kisha hujazwa tena.

Ule mlio mwembamba unaosikika baada ya kila picha ndio kujaza huko. Betri nne za AA zinapandishwa hadi volti 300 hivi, na taa ndogo ya nyuma huwaka zikifika. Betri za bei ya chini za kaboni na zinki, zinazofaa kwa redio na saa, haziwezi kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Za alkali huanza vizuri, kisha huchelewa, sekunde tano, kumi, zaidi. Mshehereshaji ameshahesabu moja, mbili, tatu, kipande cha keki kimeshaingia mdomoni, na taa bado haijawaka. Hakuna familia itakayorudia tukio hilo.

Betri za kuchaji za nikeli, zinazoandikwa Ni-MH, zina volti 1.2 tu badala ya 1.5, na wauzaji wengine huwaambia wateja kuwa ni dhaifu. Sivyo. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo, kwa hiyo humimina umeme haraka. Godox wenyewe wanataja miako 230 hivi ya nguvu kamili kwa seti moja ya betri nne za miliampea 2500. Ukishusha hadi robo ya nguvu, miako inaongezeka sana na kusubiri karibu kunaisha. Eneloop, zilizoanzishwa na Sanyo mwaka 2005, zilileta jingine la maana: zikichajiwa zikawekwa kabatini hazijimalizi ndani ya wiki chache.

Mnunuzi asome namba. AA ya Ni-MH iliyoandikwa miliampea 5000 au 9800 ni ya uongo, kwa kuwa umbo hilo halibebi zaidi ya 2800 hivi. Hatari kubwa zaidi ni betri za lithiamu za 14500, zenye umbo lilelile la AA lakini volti 3.7. Nne zinafikisha karibu volti 15 kwenye flashi iliyotengenezwa kwa volti 6, na flashi hiyo inaweza kuungua papo hapo.

Kuchaji si kikwazo kama zamani. Mkoa wa Kigoma uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, na chaja ndogo za USB zinapokea umeme wa sola za nyumbani. Hilo linawafaa hata wapiga picha wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa jirani na Makere mwaka 1996, ambako nako ndoa zinafungwa na watoto wanabatizwa. Chaja ifaayo ni ile inayochaji kila betri peke yake, na betri za seti moja zitiwe alama ya kalamu ili zisichanganywe na za seti nyingine, kwani moja ikiwa dhaifu inazivuta zote nne.

Halmashauri za Kasulu na Kibondo zinapopitia maombi ya mikopo ya asilimia 10 kutoka vikundi vya vijana, mpiga picha aliyeandika flashi moja ya bei nafuu, seti tatu za Ni-MH na chaja nzuri asiambiwe kwamba hayuko makini. Orodha yake ina uzito kuliko ya mwenzake aliyeomba kamera kubwa bila kutaja betri hata moja. Na wenye maduka ya vifaa Kasulu waanze kuweka betri hizo kwenye rafu kabla ya mavuno, kwa sababu harusi na mahafali ya darasa la saba hufuatana.