Monita mbili Kilindoni si mbwembwe

Hapa chuo likizo inanukia. Kila nikisema ripoti naenda kuimalizia kwetu Mafia, kwa Remote Desktop na monita mbili, jamaa wa chumbani wananicheka: eti intaneti ya bando halafu monita mbili, mbwembwe tu!

Mimi nakataa. Data za papa potwe zinabaki kwenye kompyuta ya chuo. Monita zinakuwa zangu, mezani Kilindoni. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009 unaandika tu mstsc /multimon, kila monita inajitegemea. Kinachosafiri mtandaoni hasa ni sehemu ya picha iliyobadilika. Jedwali lililotulia halili bando, video ndiyo inakula. Wa monita moja anarukaruka kati ya jedwali na ripoti, na kioo kinachorwa upya kila mara.

Umeme ukikatika kisiwani? Kazi inakungoja chuo ilivyo.

Sasa kwa nini tulipie chumba Dar likizo nzima, wakati papa wenyewe wanaonekana kwetu, Oktoba hadi Machi? Tukutane Nyamisati, tuvuke. Nawasilisha, anayebisha aje!