Mwalimu wa Nasari Naye ni Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi,

Kila tunapokaa mezani na waajiri tunadai mishahara, nyumba, matibabu na nguo za kazi. Hayo ni madai ya haki, na tutaendelea nayo. Lakini lipo dai moja ambalo miaka yote huandikwa mwisho wa karatasi, na mazungumzo yakiwa magumu ndilo linalofutwa kwanza. Ni dai la watoto wetu wadogo, wale wa miaka mitatu hadi sita ambao hawajaingia darasa la kwanza. Tunasema wakati umefika dai hilo lipande juu, tena liende pamoja na dai la mwalimu wao.

HALI ILIVYO KAMBINI

Tazama mashamba ya chai ya Tooro na Ankole, au ya miwa ya Busoga na Buganda. Mama mchuma chai hutoka kambini alfajiri, maana ujira wake hupimwa kwa kilo, na akichelewa kilo zinapungua. Baba yuko zamu ya usiku kiwandani. Akirudi asubuhi hana budi alale. Je, mtoto wa miaka minne abaki na nani?

Mara nyingi hubaki na dada yake wa miaka kumi, ambaye saa hizo angepaswa kuwa shuleni. Au huachwa kwa bibi mmoja wa jirani, ambaye ana watoto wengine kumi na watano wa kuangalia, na kuni za kutafuta, na maji ya kuteka. Au humfuata mama shambani, kwenye umande na dawa za kupulizia magugu. Kwa hiyo pasipo nasari hatupotezi mtoto mmoja, tunapoteza wawili: mdogo asiyefundishwa, na mkubwa aliyetolewa darasani amlee mdogo.

Na penye nasari hali si njema sana. Tumetembelea chumba kimoja cha namna hiyo katika shamba ambalo hatutalitaja. Watoto walikuwa zaidi ya sitini, wameketi sakafuni. Mwalimu alikuwa binti aliyemaliza kidato cha nne, hakuwahi kupewa hata wiki moja ya mafunzo. Mshahara wake hutoka katika ada za wazazi. Mwezi ambao wazazi hawakulipa, naye hakulipwa. Watoto waliimba herufi kwa kumfuata, kisha wakanyamaza wakisubiri uji. Binti huyo hatumlaumu hata kidogo. Alifanya alichoweza kwa mikono mitupu.

Desturi hii ina asili yake. Katika nchi jirani ya Kenya, nasari za kwanza za watoto wa Kiafrika katika mashamba makubwa zilianzishwa wakati wa ukoloni, miaka ya 1940, ili mtoto awe na mahali pa kukaa na mama apate nafasi ya kuchuma. Shabaha ilikuwa kumlinda mtoto asipotee wala asimzuie mama kazi. Kumfundisha hakukuwa shabaha. Ukoloni ulikwisha, lakini mashamba mengi bado yanafikiri hivyo.

SHERIA YASEMAJE

Mwaka 1997 Uganda ilianza elimu ya msingi bila ada. Kwanza ilikuwa watoto wanne kwa kila familia, baadaye wote. Katika mwaka mmoja idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Sisi watu wa makambini tulifurahi, na hatutasahau jambo hilo. Watoto wengi wa vibarua waliingia shule kwa mara ya kwanza wakati huo.

Lakini nasari haikuingizwa katika mpango. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inakubali kwamba elimu ya awali ni hatua ya kwanza ya masomo. Kisha inaiacha mikononi mwa watu binafsi na mashirika, na gharama inawaachia wazazi. Maana yake ni kwamba serikali imejenga ngazi, ikamwambia kila mtu ajitafutie kipandio cha kwanza. Mwenye fedha mjini amekinunua. Mchuma chai hana.

Matokeo tunayaona. Mzazi asiyeweza ada ya nasari humpeleka mtoto wa miaka mitano darasa la kwanza, kwa kuwa huko ni bure. Darasa linajaa watoto ambao hawajafika umri. Mwalimu hajui aanzie wapi. Mtoto hashiki kitu, anarudia darasa, mwaka wa pili anarudia tena, na mwisho anakwenda kukata miwa. Kisha watu husema watoto wa kambini hawana akili. Hapana. Wana akili kama wengine, hawakupewa mwanzo.

Shida hiyo ilizidi baada ya ugonjwa wa korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Nasari nyingi za binafsi zilikosa ada muda wote huo, na walimu wake wakatafuta kazi nyingine. Hawakuwa na mshahara wa serikali wa kuwashikilia.

KAZI HII INA UFUNDI

Wako wanaosema kwamba kufundisha watoto wadogo ni kazi ya mwanamke yeyote mwenye huruma. Huruma ni lazima, lakini haitoshi. Sisi wa mashambani tunajua jambo hili kuliko wengine. Mchumaji mpya haachwi peke yake kwenye chai. Hufundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi, asije akaharibu kichaka. Kiwandani hakuna anayemwachia mgeni mashine ya kukausha majani. Iweje kichaka cha chai kiwe na fundi wake, na mtoto wetu akose?

Mwalimu aliyefunzwa anajua kwamba mtoto hajifunzi hesabu kwa kuimba "moja, mbili, tatu". Humpa vifuniko vya chupa, mbegu na vijiti, avipange, avigawe, aone kwa macho tano ni ngapi. Anajua kwamba kidole cha miaka mitatu hakijawa tayari kwa kalamu, basi humpa udongo afinyange kwanza. Humsimulia hadithi na kumwuliza maswali, akamwacha ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Humtambua mtoto asiyesikia vizuri au asiyeona mbali, kabla hajaitwa mjinga. Anajua pia kwamba mchezo kwa mtoto ni kazi, na kiboko hakifundishi mtoto wa miaka minne chochote isipokuwa woga.

Tena kuna jambo la lugha. Katika kambi moja utasikia Kialur, Kilugbara, Kikiga, Kinyarwanda na Kisoga. Tangu 2007 mtaala wa Uganda umetaka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali. Lakini kambini lugha ya mahali ni ipi? Sisi wenyewe kazini tunapatana kwa Kiswahili. Mwalimu asiye na mafunzo hukimbilia Kiingereza cha kukariri, na mtoto hukaa kimya mwaka mzima. Mwalimu aliyefunzwa hujua kumpokea mtoto kwa lugha aliyotoka nayo nyumbani, akamvusha polepole.

TUJIFUNZE KWA MAJIRANI

Tanzania iliiingiza elimu ya awali katika sera yake ya elimu ya mwaka 1995. Sera ya 2014 ikaweka mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na tangu 2016 watoto husoma bila ada. Darasa la awali liko ndani ya shule ya msingi ya serikali. Hilo ni jambo kubwa, na linafaa kuigwa. Lakini ada zilipoondolewa watoto walifurika, walimu na vyumba vikawa haba. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Shule nyingi zilijikuta mbali sana na kiwango hicho.

Kenya ilianzisha kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo mwaka 1984, na baada yake vituo vya wilaya vya kuwafunza walimu wakiwa kazini, hasa wakati wa likizo. Ni njia nzuri, maana mwalimu haachi watoto wake. Katiba ya 2010 ikakabidhi elimu ya awali kwa kaunti, nazo zimejenga madarasa mengi na kuajiri walimu. Lakini walimu hao wamelalamika kwa miaka juu ya mikataba mifupi na mishahara isiyolingana toka kaunti moja hadi nyingine.

Basi tunapata mafunzo mawili. Ukifungua mlango kabla ya kuandaa walimu, utapata msongamano. Na ukiwafunza walimu bila kuwalipa sawasawa, utawaandaa wapate kuondoka. Mafunzo na mshahara ni kama makasia mawili ya mtumbwi. Ukipiga moja tu, utazunguka mahali pale pale.

FEDHA ZITATOKA WAPI?

Tutaambiwa serikali haina fedha. Swali hili ni la haki, nasi tunajibu hivi.

Kwanza, fedha zinatumika hata sasa, ila zinatumika vibaya. Mtoto anayerudia darasa la kwanza mara mbili analipiwa mara tatu. Mwalimu wa darasa la watoto mia analipwa kufanya kazi isiyowezekana. Pili, mwezi Novemba 2022 nchi nyingi zilikutana Tashkent chini ya UNESCO, zikaafikiana kulenga angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu kwa elimu ya awali. Tunaomba tuonyeshwe asilimia ngapi inatengwa kwetu. Tatu, mwajiri naye anafaidika. Mama anayejua mtoto wake yuko mahali salama hufanya kazi kwa moyo mmoja, wala hakosi kazini kila mtoto anapokosa mlezi. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka huduma za kulea watoto wa wafanyakazi ziendelezwe. Si zawadi ya bwana mwema.

Kuhusu mafunzo, Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 ilitaka kila mwalimu, hata wa nasari, awe na shahada. Shabaha yenyewe si mbaya. Watoto wetu wanastahili walimu waliosoma. Lakini binti anayelipwa kwa ada za wachuma chai atatoa wapi karo ya chuo kikuu? Ukimwambia asome kwa fedha zake au aondoke, ataondoka, na chumba kitafungwa. Waliolea watoto wetu kwa miaka kumi bila msaada wasitupwe kama makapi ya miwa. Wapewe njia ya kupanda hatua kwa hatua, kutoka cheti hadi diploma, na kutoka diploma hadi shahada, huku wakiwa kazini.

MADAI YETU

Kwa hiyo tunadai mambo haya:

1. Kila shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na mashamba na viwanda iwe na darasa la nasari la umma lisilo na ada.

2. Mwalimu wa darasa hilo aingizwe katika orodha ya mishahara ya serikali, kama mwenzake wa darasa la kwanza.

3. Vyuo vya ualimu vya mikoani vitoe mafunzo ya likizo kwa walimu wa nasari waliomo kazini, kwa gharama ya umma, na ujuzi wao wa miaka uhesabiwe.

4. Mkataba wa pamoja wa kila shamba na kila kiwanda uwe na kifungu cha nasari: chumba, choo cha watoto, maji safi, uji, na saa za kufunguliwa zinazolingana na zamu zetu.

5. Wakaguzi wa elimu wafike makambini, wasiishie mjini.

KAZI YETU SISI

Hatusemi tukae tukingoje. Kila tawi liwahesabu watoto wa chini ya miaka sita katika makambi yake, na liandike wangapi wanakwenda nasari na wangapi wanalelewa na ndugu zao walioacha shule. Mwajiri hupenda kusema "watoto ni wachache". Tukienda na hesabu, hana la kusema.

Kila kamati ya majadiliano iwe na mwanamke, na awe anayechuma au kufungasha, si wa kupamba meza. Ndugu wanaume nao wasidhani hili ni jambo la akina mama. Mtoto ni wa wote wawili, na aibu ya kutojua kusoma itakuwa ya ukoo mzima.

Wazazi wanaweza kuchangia unga wa uji na kufinyanga vikaragosi vya udongo. Hilo ni jema. Lakini mchango wa uji usigeuzwe kuwa mshahara wa mwalimu, maana hapo serikali na mwajiri watajificha nyuma ya sufuria letu.

Na jambo kubwa kuliko yote: tumwingize mwalimu wa nasari katika chama. Pendekezo la ILO na UNESCO la mwaka 1966 juu ya hadhi ya walimu linamtaja mwalimu wa nasari pamoja na wa msingi na wa sekondari. Kama dunia ilimtambua kuwa mwalimu tangu wakati huo, sisi tunaoishi naye kambi moja tushindwe kumtambua kuwa mfanyakazi? Hana mkataba, hana likizo ya uzazi, hana wa kumsemea. Anawalea watoto wetu ili sisi tuweze kudai haki zetu. Haki yake nayo idaiwe.

Samaki mkunje angali mbichi. Matawi yalete hesabu zao kabla ya majadiliano yajayo, tukae mezani tukiwa tayari.

Umoja ni nguvu.