Kelele Si Farasi, na Fundi Wako Anajua

Wadau, leo nitakosana na watu na sijali. Kama ulilipa kutolewa sailensa ndio Fielder yako ilie kama pikipiki ya mashindano, hukununua nguvu. Ulinunua kelele, na mtaa mzima ulichangishwa bila kuulizwa.

Kila wiki napata meseji ile ile: "Bro, sina pesa mingi, nataka ekzosi ya kutengenezewa, nianzie wapi?" Swali zuri. Shida ni jibu linalozunguka huku nje. Kata kila kitu, weka bomba moja nene kutoka mbele mpaka nyuma, malizia na mdomo wa kung'aa. Kuna hata mwenye kukuambia utaongeza farasi thelathini. Thelathini, kwa injini ya farasi kama 109! Yaani Toyota na maabara zao zote walisahau robo ya injini ndani ya sailensa, wakingoja msee wa kona na grainda aje awasaidie?

Hebu tufanye hesabu kidogo, haitauma. Injini ya 1NZ, iliyo kwenye Fielder nyingi hapa kwetu, ni sisi 1,496. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake mzima mara moja kila mizunguko miwili. Ukikanyaga mpaka mizunguko 6,000 kwa dakika, hata silinda zikijaa kabisa, unapata lita 4,500 hivi za hewa kwa dakika. Ikishachomwa inapanuka kwa joto, sawa, lakini bomba la inchi 2 linaimudu bila jasho. Sasa wewe unaweka inchi 3. Nafasi ya ndani ya bomba inakua kwa mraba wa kipenyo, kwa hivyo hiyo inchi 3 ina nafasi mara 2.25 ya inchi 2. Moshi uliokuwa unakimbia sasa unatembea.

Na moshi wa injini hautoki kama maji ya mfereji, unatoka kwa mapigo. Valvu ya kutolea ikifunguka, pigo linaruka, na nyuma yake linaacha mvuto unaosaidia kufagia silinda kabla ya hewa mpya kuingia. Mvuto huo unaishi kwa kasi. Ukiiua kasi kwa bomba pana kupita kiasi, kitu cha kwanza kupotea ni nguvu ya mizunguko ya chini: ile ya kutoka raundabauti, ile ya kupanda kutoka Mai Mahiu ukiwa na watu watano na magunia ya viazi kwa buti. Ndio maana mtu anaapa gari yake "imefunguka" halafu Probox ya mzigo inampita kilimani ikiwa imenyamaza.

Kabla hujaniandikia ati injini inahitaji "presha ya kurudi": hapana. Hakuna injini inayofaidika na kuzibwa. Inachotaka ni kasi ya moshi. Hivyo ni vitu viwili, na kuna watu wamejenga biashara nzima juu ya sisi kuvichanganya.

Turbo ni hadithi nyingine. Turbo inakula nguvu ya moshi kabla haujafika nyuma, na baada yake bomba pana linasaidia kweli. Lakini wewe na Vitz yako, huko hamuingii.

Najua watu wa Subaru wananingoja. Ule mlio wenu, ule wa bop-bop-bop unaofanya watoto wakimbie getini, unajua unatoka wapi? Kwenye injini nyingi za EJ, mabomba yanayotoka kwa silinda hadi mahali yanapokutana hayana urefu sawa. Mapigo ya upande mmoja yanachelewa, yanafika bila mpangilio, na sikio linasikia mdundo. Yaani mnachokipenda ni sauti ya mapigo yasiyopangwa vizuri. Subaru wenyewe walipoleta Legacy mpya mwaka 2003, waliweka mabomba ya urefu unaokaribiana, moshi ukatoka vizuri zaidi, na ule mlio ukapotea. Gari ikawa bora ikanyamaza. Penda sauti yako, hata mimi naipenda, lakini usiniuzie kama nguvu.

Sasa tufike penye uchungu: katalitiki.

Binamu yangu alipeleka gari kwa gereji moja hapa Nairobi kuzibwa tundu dogo la ekzosi. Akarudishiwa ikiwa na sauti mpya, taa ya injini kwa dashbodi, na kipande cha bomba tupu mahali katalitiki ilikuwa. "Ilikuwa imeziba, tumekusaidia." Bei ikawa ya kirafiki ajabu. Nani alipima ikaonekana imeziba? Kwa geji gani? Kimya. Na ile iliyotolewa iko wapi? Kimya zaidi. Ndani ya lile kopo kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni kiasi kidogo, lakini ni madini ya thamani kubwa, na wanunuzi wapo. Fundi anayekutolea katalitiki "bure" hajakufanyia bure. Umemlipa, na huenda umemlipa kuliko kazi yenyewe ilivyofaa.

Kupima si uchawi. Unafungua sensa ya oksijeni ya mbele, unafunga geji ya presha kwenye tundu lake, unawasha injini ipate moto, unaipandisha hadi mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo. Ikizidi psi 3, kuna kizuizi mahali. Isipofika, katalitiki yako haijaziba, na mwenye kutaka kuikata anaitaka kwa sababu zake. Dakika kumi hivi. Geji hiyo ni kitu makanika yeyote anayejiheshimu anaweza kuwa nayo kwa sanduku, na kama hana, hilo nalo limekuambia kitu.

Kwa gari isiyo na turbo, kutoa katalitiki nzima kunakupa farasi wachache mno, pengine usiwahisi. Unachopata ni monoksaidi ya kaboni ambayo ilikuwa inageuzwa kuwa kaboni dioksaidi na sasa haigeuzwi. Haina rangi, haina harufu. Weka hapo maungio yaliyochomelewa haraka haraka chini ya sakafu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, foleni ya Thika Road imesimama, na mtoto amelala kiti cha nyuma. Watu wananiambia mimi ni mwoga. Kwa hili, ndio, mimi ni mwoga.

Sheria ipo pia: kanuni za kelele za 2009 na za ubora wa hewa, zote chini ya sheria ya mazingira. Utaniambia hakuna anayezifuata. Sawa, tuongee lugha ya mfuko basi. Maungio yakivuja kabla ya sensa ya oksijeni, kati ya pigo na pigo hewa ya nje inavutwa ndani. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli ni kidogo, inaongeza. Unaendesha gari yenye kelele, nzito kilimani, na inakunywa. Halafu tarehe 14 EPRA wakitangaza bei unalia na serikali.

Kwa hivyo mtu wa pesa kidogo afanye nini? Kwanza aache kuanzia nyuma. Mdomo wa kung'aa ndio wa mwisho, na ukikosa pesa ya huo hujapoteza chochote. Pesa iende kwa vitu ambavyo hakuna atakayevipiga picha: kona, maungio, fleksi, na saa za fundi.

Kona ndio hukula nguvu kimyakimya. Ukikunja bomba kwa mashine ya kubana, linajikunja na kunyauka ndani, na inchi 2 yako inakuwa kitu kingine pale pale penye kona. Kama huwezi kupata kona zilizokunjwa kwa mandreli, kuna mbinu ya kizamani ambayo mafundi wa jua kali wanaijua vizuri: jaza bomba mchanga mkavu, ushindilie, pasha moto, kunja polepole. Mchanga unazuia bomba kubonyea. Nimesema mkavu. Ukiwa na unyevu ndani ya bomba lililozibwa, mvuke utakulipukia.

Sailensa, tafuta ya ex-Japan iliyo nzima pale Kirinyaga Road, Grogan kwa wenyeji, kutoka kwa gari yenye injini kubwa kidogo kuliko yako. Itikise. Ikilia kama njuga, vya ndani vimekatika, rudisha. Nyingi za kiwandani ni stenlesi ya bei nafuu, na bado itaishi kuliko kopo jipya linalong'aa lisilojulikana lilikotoka.

Na hili la paipu tafadhali nisikilize. Usikubali paipu ya GI, ile ya maji iliyopakwa zinki, hata kama ni nusu bei. Ikichomelewa, zinki inageuka moshi mweupe na fundi anauvuta. Jioni anatetemeka homa, anameza dawa ya malaria, kumbe ni zinki. Umeokoa mia chache kwa mapafu ya mtu mwingine. Pia ule mpako pale penye joto unaungua, na kutu inaanza hapo hapo. Nunua chuma cha kawaida cha ekzosi, ukiweza chenye mpako wa alumini.

Weka fleksi karibu na injini, kwa sababu injini inatikisika na bomba refu lisilo na fleksi litapasuka kwenye welda. Ning'iniza kwa raba, si kwa waya. Acha nafasi chini, bampu zetu unazijua. Kazi ikiisha, usisikilize mlio. Washa injini ikiwa bado baridi, ziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache, na usikilize chini ya gari. Ukisikia ssss, hujamaliza, na usilipe salio.

Wengine wataniambia hiyo yote ni ghali kuliko kukata tu. Ndio, ni ghali kuliko kukata. Lakini ukijumlisha mdomo wa kung'aa, sensa ya kudanganyia kompyuta, katalitiki ya kurudishia siku utakapouza, na petroli ya ziada ya mwaka mzima, niambie nani alitumia bajeti hapa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mafundi wetu wanaweza. Kuna watu Kariobangi wanaochomelea vizuri sana wakiwa wamechuchumaa juani. Lakini mteja anakuja na video ya simu anasema "nataka ilie hivi", anataka itoke saa kumi, na bei anakata nusu. Fundi anafanya nini? Anampa alichoagiza. Mwambie unataka kipenyo hiki, kona hizi, fleksi hapa, uvujaji sifuri, na utamlipa kwa siku mbili. Utaona mtu mwingine kabisa anaamka.

Na nyinyi wa kupiga risasi saa sita usiku. Ile milipuko ni petroli inayochomekea kwenye bomba badala ya silinda. Inakaanga valvu zako. Na kwa mji huu, mama aliyelala gorofa ya tatu akisikia mlio kama huo hafikirii gari. Anashusha watoto sakafuni.

Anayebisha tukutane Jumamosi, mwenye gari achague mahali. Usiniletee video ya sauti. Nitakuja na geji.