Picha za mahafali zina ukungu? Huenda tatizo ni lenzi, si kamera

Novemba ni mwezi wa mahafali. Ukumbini mwanga ni hafifu, mapazia yamefungwa, na mtoto wa chekechea aliyevaa joho linaloburuta anaghani shairi alilokariri kwa wiki tatu. Baba yuko mstari wa tatu na kamera iliyonunuliwa kwa kujinyima. Jioni familia inakaa sebuleni kutazama picha. Joho linaonekana vizuri, lakini sura ya mtoto haionekani, na mkono alioinua umekuwa kivuli.

Hapo mjadala unaanza. Baba anasema kamera imepitwa na wakati, inatakiwa nyingine. Mama anakumbusha kuwa Januari ni ada na sare. Wote wana hoja. Hata hivyo, mara nyingi mwenye kosa si kamera, ni lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi.

Kamera nyingi za familia, kama Sony a6400, zina sensa ya ukubwa wa kati iitwayo APS-C. Huuzwa pamoja na lenzi ndogo ya zumu ambayo ikivutwa hadi mwisho, tundu lake la kuingizia mwanga hubana, mara nyingi hadi f/5.6 au zaidi. Juani haina shida. Ukumbini ni kama kuchungulia kupitia ufa wa mlango. Mwanga ukiwa mdogo, kamera huacha tundu wazi kwa muda mrefu zaidi ili uutoshe, na mtoto hatulii muda huo wote.

Lenzi inayobaki f/2.8 hata ikivutwa huingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Picha iliyohitaji sehemu ya 60 ya sekunde inaweza kupigwa kwa karibu sehemu ya 250. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kivuli na mkono wenye vidole vitano.

Lenzi za namna hiyo kutoka kwa mtengenezaji wa kamera yenyewe huwa ghali. Ndiyo maana kampuni nyingine za lenzi, hasa Sigma na Tamron za Japani, zimekuwa mkombozi wa wazazi wengi.

Tatu za kufikiria

Sigma 18-50mm f/2.8 ilitoka mwaka 2021 kwa bei ya dola 549 za Marekani. Ile ya Sony ina uzito wa gramu 290 tu, hivyo inakaa kwenye mkoba wa mama pamoja na chupa ya uji. Haina kituliza mtikisiko.

Tamron 17-70mm f/2.8, ya mwaka huohuo, ilianza kwa dola 799. Inavuta mbali zaidi na ina kituliza mtikisiko, lakini ina gramu 525. Inamfaa mzazi anayepiga video akiwa ameshika kamera mkononi.

Tamron 18-300mm humfikia mtoto aliye upande wa pili wa uwanja wa mpira. Ila ikivutwa hadi mwisho tundu lake ni f/6.3. Ni lenzi ya jua, si ya ukumbi.

Wauzaji hupenda kusifu kituliza mtikisiko. Mzazi aelewe kuwa kinatuliza mkono wa mpigaji, hakimtulizi mtoto anayeruka. Kwa mtoto anayecheza, dawa ni mwanga.

Kabla ya kutoa fedha

Kwanza, kujaribu kilichopo. Kamera iwekwe sehemu ya 250 ya sekunde na ISO iachwe ipande. Picha itakuwa na chembechembe, lakini sura itaonekana. Kama hilo linaitosha familia, fedha ibaki kwa ajili ya ada.

Pili, kufungua picha mia za mwisho na kusoma taarifa zake. Kila picha huonyesha lenzi ilivutwa milimita ngapi. Kama nyingi zimepigwa sebuleni na kanisani chini ya 50, lenzi ya 300 ni mzigo.

Tatu, kuhakikisha lenzi inafunga kwenye kamera husika. Lenzi hiyohiyo hutengenezwa kwa matoleo tofauti. Ya Sony haiingii kwenye Fujifilm wala Canon. Nyingine za bei ya chini sana hazijilengi zenyewe, mpiga picha huzungusha pete kwa mkono. Mtoto wa miaka mitano hamsubiri mtu azungushe pete.

Nne, kwa anayenunua iliyotumika, iwe Kariakoo au kwa jirani, aende na kamera yake na tochi ya simu. Amulike ndani ya vioo. Utando kama wa buibui ni kuvu, inayopenda sana joto na unyevunyevu wa miji ya pwani. Azungushe pete ya kuvutia asikie kama inakwaruza, kisha apige picha kadhaa palepale. Rahisi ni ghali.

Lenzi ikishafika nyumbani isifungiwe kabatini kwenye mkoba wenye unyevu. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, husaidia sana.

Lenzi nzuri hudumu. Kamera ikichoka baada ya miaka kadhaa, lenzi huhamia kwenye nyingine ya mfumo uleule, na fedha ya familia haijapotea. Kupanga ni kuchagua, na baba na mama wakikaa kulipanga mapema, Januari haitaharibika. Joho la chekechea mtoto hulivaa mara moja tu.