Aliyeiba na Aliyeibiwa

Akina mama wenzetu hutuuliza mara kwa mara, hata tukiwa kazini zahanati, ni kwa njia gani mtu mwenye watoto, jiko na shamba anaweza kujifunza Kiingereza bila kurudi shuleni. Mwezi huu tungependa kuwaeleza jambo moja lililotusaidia sisi.

Kikundi chetu hukutana kila Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya. Tuko tisa, tuna ubao mmoja na daftari za watoto zilizobaki kurasa. Mwanzoni tulikariri orodha: vyombo vya jikoni, viungo vya mwili, siku za juma. Kufikia Alhamisi ya pili nusu ya maneno yalikuwa yamekwisha potea. Ndipo tulipoanza kutumia habari ambayo kila mmoja ameisikia redioni kwa Kiswahili. Ukijua kisa tayari, neno geni hupata mahali pa kukaa.

Tulichagua kisa cha Paris. Jumapili tarehe 19 Oktoba 2025, saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za huko, makumbusho ya Louvre yakiwa yamekwisha fungua milango, wezi walifika na lori lenye ngazi ya kupandishia samani ghorofani. Wawili walipanda hadi kwenye roshani, wakakata dirisha kwa mashine, wakaingia Ukumbi wa Apollo na kuvunja makabati mawili ya vioo. Kisha wakatoroka na wenzao kwa pikipiki. Yote hayo hayakufika dakika nane. Walichukua vito vinane vilivyokuwa mali ya wake wa wafalme wa Ufaransa wa karne ya 19. Kitu cha tisa, taji la Eugénie, mke wa Kaisari Napoleon wa Tatu, kiliwaponyoka wakati wa kukimbia, kikaokotwa nje kimepondeka. Taji hilo lina almasi 1,354 na zumaridi 56. Hapo akina mama wote waliguna.

Basi tukaanza na maneno rahisi. "Necklace" ni mkufu au kidani, na ndani yake mna "neck", yaani shingo. "Earring" ni hereni, na ukiigawanya unapata sikio na pete. "Jewellery" ni mapambo ya vito kwa ujumla, nalo halina wingi. Ukitaka kuhesabu kimoja kimoja, sema "jewels". Yakuti samawi na zumaridi tulizifahamu kutoka Ufunuo sura ya 21, kwa hiyo tulifungua Biblia mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, tukaziweka sambamba na kuzikuta "sapphire" na "emerald" bila kusumbua kamusi.

Neno "crown" sisi wauguzi hatukuhitaji kufundishwa. Katika chumba cha kujifungulia tunalitumia kila siku, kichwa cha mtoto kinapotokeza na kubaki pale kama taji. Tulipolieleza, mama mmoja mwenye watoto sita alisema kumbe alivikwa taji mara sita na hakuna aliyemwambia.

"Lift" nalo lilituchekesha sana. Mwenzetu mmoja alidhani wezi waliomba lifti kwa mwenye lori, akamlaumu dereva kwa kubeba watu asiowajua! Ikabidi tueleze kwamba neno lenyewe maana yake ni kuinua, na chombo chochote kinachoinua mtu au mzigo huitwa hivyo. Lifti ya gari ni mtoto wa neno hilohilo.

Tulibishana muda mrefu juu ya "priceless". "Price" ni bei, na mkia huo wa "less" mara nyingi huonyesha kukosa. Basi wengi waliona ni kitu kisicho na bei, yaani cha bure. Sivyo. Ni kitu ambacho thamani yake haiwezi kutajwa kwa fedha. Mwendesha mashtaka wa Paris alitaja hasara ya euro milioni 88, lakini akaeleza kwamba hesabu hiyo haigusi hasara ya historia. Kisicho na thamani kabisa huitwa "worthless", nalo lina mkia uleule. Angalia mtego huo! Usije ukamsifu mtu kwa neno la pili.

Lakini neno lililotushika kuliko yote ni "steal", yaani kuiba. Hubadilika: "steal, stole, stolen". Jirani yake ni "rob". Kwa Kiingereza unachokifanyia "steal" ni kitu, na unayemfanyia "rob" ni mtu au mahali. Vito vimekuwa "stolen", makumbusho yamekuwa "robbed".

Tulipofika hapo, mwenzetu mmoja aliweka kalamu chini. Yeye alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya wageni. Siku moja alitumwa sokoni, na ndani ya daladala wakamchania mkoba, fedha yote ikaenda. Alirudi analia, akamwambia mama mwenye nyumba kwa Kiingereza alichokuwa nacho: "Madam, I have stolen the money." Alikusudia kusema nimeibiwa. Alichosema ni nimeiba. Kadiri alivyozidi kuulizwa ndivyo alivyozidi kulirudia, akidhani hasikiki vizuri. Aliondolewa siku hiyohiyo. Yalipita majuma mawili kabla jirani anayejua lugha zote mbili hajaenda kueleza, na mama yule, kwa kweli, aliomba radhi. Lakini kazi ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine.

Kwa Kiswahili hakuna hata mtoto anayechanganya nimeiba na nimeibiwa, kwa sababu mwisho wa neno unatueleza nani katenda na nani katendewa. Kiingereza hakibebi habari hiyo mwishoni. Hukiweka kineno kidogo mbele, "was" au "were", na sisi tukiwa na haraka au hofu hukiruka. Ndiyo maana siku hizi hatuandiki tena neno moja moja kwenye ubao. Tunaandika sentensi nzima, tunaisoma kwa sauti, tena na tena, mpaka kineno kile kiwe kimezoea kutoka chenyewe.

Alhamisi iliyofuata tulimwomba mwenzetu huyo asimulie kisa cha Paris. Alisimama akashika ukingo wa meza. "The museum was robbed," alisema. "The jewels were stolen." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza la kwake ambalo hatukumwuliza: "I was robbed."

Neno la mwisho jioni ile lilikuwa "suspect". Tarehe 25 Oktoba 2025 polisi wa Ufaransa walikamata watu wawili, na magazeti ya Kiingereza yaliwaita hivyo, washukiwa, wala si wezi, kwa kuwa mahakama ilikuwa haijahukumu. Mwenzetu aliliandika mara tatu katika daftari lake, akataka tumwonyeshe linavyotamkwa.